TAHADHARI: anayeuza "mzizi wa iboga" wa kuachisha unga (heroini) ni tapeli

Jamani nimekaa wiki mbili kimya kwa aibu, leo nasema. Dogo, mdogo wangu, alikuwa anatumia unga. Alikuwa na miezi saba hajagusa unga, yuko kwenye methadoni, ile dawa ya hospitali ya kuachisha heroini, ila ikifika jioni hamu inamkamata anazunguka tu ndani anajikuna mikono, we ungevumilia kuangalia? Mimi ndo nikamtafuta huyo mtu. Mimi mwenyewe.

Alinipigia, sauti ya upole, dada dada nyingi, akanieleza iboga inatoka Gaboni, watu wa dini ya Bwiti wanatumia ganda la mzizi kwenye ibada zao, na mwaka 1962 Mmarekani Howard Lotsof aliyekuwa anatumia heroini akaijaribu, arosto, yale mateso ya kukosa unga, ikakata. Nikaenda kusoma nikakuta kweli! Hapo ndo nilipoisha, nikaona kama habari za mmea ni za kweli basi na dawa yake ni ya kweli, nikatuma hela usiku uleule.

Kikaja kichupa cha poda ya kahawia, hakina jina hakina tarehe. Akasema dogo aache methadoni siku hiyohiyo, anywe vijiko viwili. Kikombe nilimshikia mimi. Haikupita saa anatapika, midomo imepauka, namwekea kiganja kifuani moyo unapiga, unakaa, unapiga. Nampigia yule anakata, mara ya nne kaniblok.

Daktari kuona kipimo cha moyo akanigombeza mbele za watu. Ibogaini, kemikali iliyomo kwenye iboga, inavuruga umeme wa moyo na watu wameshakufa nayo, methadoni nayo inaweza kufanya hivyohivyo, na haitoki mwilini kwa siku moja. Halafu ukimkatisha methadoni akarudia unga kwa kipimo chake cha zamani mwili hauhimili tena, anazima. Dogo yuko hai, kalazwa siku tano.

Sasa angalieni, hakuuliza chochote kuhusu moyo wala dawa anazotumia, hela kwanza, eti mmea hauna madhara, na namba anabadilisha. Huyu si muuzaji ni muuaji, anakula machozi ya wazazi wa watu, afungwe na asitoke! Mwenye namba yake mpya anitumie inboksi leo, naipeleka polisi na kichupa chake, bado ninacho, kimebaki nusu.