Miguu minne ya jeki chini ya Coaster yangu ya ushonaji: uzoefu wangu, Tanga

Cherehani yangu ya kukanyaga iko ndani ya Coaster. Tuliinunua ikiwa imeshachoka kubeba abiria, tukang'oa siti zote, tukaweka kitanda nyuma, meza ya kukatia vitambaa katikati, kabati la vyombo, na cherehani kwenye dirisha la kulia. Siku za gulio tunakuwa Muheza au Mkinga. Mara nyingine tunateremka Pangani siku nne tano, na kulala ni humo humo. Mume wangu anaendesha, mimi nashona. Kabla sijanunua hizi jeki za kutuliza gari lililoegeshwa nilitafuta mtu wa kunieleza kwa Kiswahili kazi yake ni ipi na mwisho wake ni wapi, nikamkosa. Ndiyo maana naeleza yote niliyopitia.

Gari likiwa limeegeshwa lilikuwa linayumba. Mtu wa kawaida angesema ni kidogo, lakini mshonaji hana kidogo. Mteja akikanyaga ngazi ya mlangoni, gari linalala kushoto, kitambaa kinavutika chini ya sindano, pindo linapinda, nafumua. Nikikanyaga pedeli kwa mwendo mmoja wa kasi, gari zima linaanza kuitikia na vikombe vinagongana kabatini. Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea: msukumo ni mdogo, lakini ukija kila mara kwa wakati wake bembea inapanda juu. Na usiku wa kusi, ule upepo wa kusini, pale Pangani, mama yangu aliposafiri nasi, aliamka saa tisa akakaa kitandani ameshika ukingo kwa mikono miwili. "Mwanangu," akaniambia, "mimi nimelala nchi kavu au nimelala mashuani?" Alikuwa na kizunguzungu mpaka asubuhi. Hilo liliniuma kuliko mapindo yote.

Kwanza tulibadilisha shokapu zote nne. Barabarani gari lilitulia, sina lawama. Likisimama, hali ikawa ile ile. Baadaye ndipo nikaelewa. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi isiendelee kurukaruka gari likipita kwenye shimo, haishikilii bodi isisogee. Bodi inakaa juu ya springi, springi juu ya ekseli, ekseli juu ya matairi yenye upepo, na vyote hivyo vimetengenezwa ili vinese. Ukitaka bodi itulie, lazima uipe njia nyingine ya kufika ardhini.

Njia hiyo ndiyo hizi jeki. Nilinunua seti ya jeki nne kwa muuzaji wa Dar es Salaam, shilingi 420,000, zikaja na basi. Zimefanana na jeki ya mkasi ya kubadilishia tairi, ila zina unyayo mpana zaidi na hendeli ndefu ya kuzungushia ukiwa umesimama pembeni ya gari. Muuzaji alinihakikishia kwa simu kwamba "hata gari linanyanyuka, mama, usiwe na wasiwasi." Maneno hayo yangeweza kutuumiza, na mpaka leo sijayasamehe.

Aliyetuokoa ni fundi kijana mmoja wa Ngamiani. Alinipa shikamoo, akalala chini ya gari na tochi ya simu, akawa anagonga chesisi kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma, anasikiliza. Penye chuma kizima inalia, penye kutu inatoa sauti ya kopo. Alipotoka akashika jeki moja, akaizungusha mpaka juu, akaitikisa. "Mama, hii ni ya kukazia, haiwezi kunyanyua gari. Na gari lako hendibreki inashika shafti, si matairi yenyewe. Ukiinua tairi moja la nyuma likawa hewani, difu, ile gia inayogawa nguvu kwa matairi ya nyuma, inaliachia lizunguke, na gari linaweza kuondoka na wewe ndani." Nilimwomba aniambie mara ya pili, taratibu, na mume wangu akiwepo.

Kazi yake niliifuatilia mwanzo hadi mwisho, nimekaa kwenye kigoda. Hakuchomelea chochote kwenye chesisi yenyewe, maana alisema ule moto unadhoofisha chuma. Alichomelea mabamba mezani, akayatoboa, akayafunga kwa bolti kwenye matundu yaliyokuwapo tangu kiwandani, na jeki zikaning'inia kwenye mabamba. Pia hakuziweka zikitazama mbele wala ubavuni. Kila moja aliiweka mshazari kwenye kona yake, ili ipinge gari likisogea mbele na nyuma, na ipinge pia likilala upande. Alichukua siku nzima na shilingi 150,000. Ningekuwa nazo ningempa zaidi.

Matokeo kwenye ardhi ngumu niliyaona siku ile ile. Mume wangu, ambaye si mwembamba, alipanda na kushuka ngazi mara tano huku mimi nashona kola ya sare ya shule. Uzi ulikwenda moja kwa moja. Kuna mtikisiko bado, nausikia kwenye nyayo, ila haufiki kwenye sindano.

Kwenye mchanga ni habari nyingine. Safari ya kwanza Pangani tulikaza asubuhi, kufika adhuhuri miguu miwili ya upande wa baharini ilikuwa imezama na gari limerudia kucheza. Unyayo wa jeki ni mpana kwa lami, kwa mchanga hautoshi. Tukakatiwa vipande vya mvule, sentimita 30 kwa 30, unene sentimita 5, kila mguu na chake. Hata hivyo mchanga unashuka ukibebeshwa uzito, kwa hiyo baada ya saa moja hivi tunarudi na hendeli kukaza tena. Siku za bamvua, maji yanapojaa sana, tunaegesha juu kabisa ya mstari wa majani yaliyoachwa na maji, kwani mchanga uliolowa kwa chini unaondoka wenyewe.

Siku hizi tukifika mahali hatuanzi na jeki. Naweka pima maji juu ya meza ya kukatia, tunapandisha gari kwenye mbao upande ulio chini mpaka povu likae katikati. Halafu hendibreki, halafu kabari mbele na nyuma ya matairi ya nyuma, tena zinazobana kwelikweli. Ndipo tunateremsha miguu, kona moja kisha ile ya mkabala wake, mpaka ishike, na baada ya hapo nusu mzunguko tu. Hendeli ikianza kuwa nzito tunaacha.

Upepo nao una adabu yake. Tulizoea kuegesha pua ikitazama bahari kwa ajili ya mandhari, na kusi ikawa inatupiga ubavuni, kwenye lile bati refu lote. Sasa pua inatazama kusini. Bahari naiona kupitia dirisha la pembeni, na mama analala.

Kuhusu ubora wa jeki zenyewe, nazipa alama ya kati. Rangi ilianza kubanduka mwezi wa tatu tangu tuzifunge, na chumvi ya Tanga haisubiri. Skrubu nazisugua kwa brashi ya waya, nazipaka grisi kila wiki mbili, na tukitoka pwani nazimwagia maji baridi ya bomba. Hendeli iliyokuja nazo ilipinda, fundi akatutengenezea ya nondo. Na kabla hatujaondoka popote, khanga yangu moja inakuwa imefungwa kwenye usukani tangu tulipoteremsha miguu. Haifunguliwi mpaka mimi mwenyewe nimezunguka gari na kuiona miguu yote minne iko juu.

Kama chesisi yako imeliwa na kutu, hela hiyo ipeleke kwanza kwenye chesisi. Mimi ya kwangu ni nzima, na wiki ijayo tunakwenda Pangani na oda ya madera ishirini ya harusi. Mama ameshafunga mkoba wake.