Uji wa mchele wa nazi pale Mkanaledi: fika kabla ya saa moja

Bakuli dogo shilingi 500, kubwa 1,000. Nimeanza na bei kwa sababu naendesha bajaji, na abiria akishaniuliza wapi apate kifungua kinywa, swali linalofuata huwa ni hilo. Kibanda kiko nje ya stendi ya Mkanaledi, hapa Mtwara mjini. Hakina jina wala bango. Utakitambua kwa turubai la bluu, masufuria mawili makubwa yenye vifuniko, na mama wa makamo aliyejifunga kanga kiunoni ambaye hainui kichwa mpaka umwamkie. Ukisema shikamoo atakuitikia marahaba na kukuuliza habari za nyumbani. Usiposema, uji utapata, ila utasubiri.

Anauza uji wa mchele wa nazi wenye iliki na mdalasini. Pembeni kuna vitumbua, chapati na mihogo ya kuchemsha. Vitumbua vya kawaida, chapati analetewa na mtu, mihogo inategemea na siku. Watu wanaamka alfajiri kwa ajili ya uji.

Na wana haki. Mjini hapa uji wa mchele umegeuka kazi ya kulipua. Kuna mahali, sipataji, mchele unachemshwa dakika chache tu, unakorogewa unga wa ngano ili uonekane mzito, maziwa ya unga yanashika nafasi ya tui, kisha matone ya arki ya vanila yanafunika makosa yote. Ukiwa wa moto unaweza kukudanganya. Ukipoa kidogo tu, ni gundi yenye sukari.

Kwa huyu mama, ambaye sisi madereva tunamwita shangazi, mambo yanaanza jana yake. Mchele unalowekwa jioni, na si mchele mzima, ni chenga. Wapo wanaodharau chenga kwa kuwa ni za bei nafuu, lakini kwenye uji ndizo zenyewe: punje iliyovunjika inaachia wanga wake mapema, uji unakuwa mzito bila kuongezewa unga wowote, na bado ulimi unakutana na vipande vidogo vya mchele. Siku moja nilimuuliza kwa nini hatumii mchele wa Kyela, ule unaonukia.

“Kyela ni wa pilau, mwanangu, na wa wali wa wageni,” akasema. “Mimi nautia iliki na nazi. Hiyo harufu yake utaisikia saa ngapi?”

Sikuwa na jibu.

Siri kubwa, kama ni siri, iko kwenye tui. Nazi zinakunwa palepale kwenye mbuzi, na binti yake ndiye mwenye kazi hiyo, kimya kabisa, usingizi bado umo machoni. Tui la kwanza, lile zito, linakamuliwa na kuwekwa kando kwenye bakuli lenye kifuniko. Machicha yanarudishiwa maji ya uvuguvugu na kukamuliwa tena, na hilo tui jepesi ndilo linaloivishia mchele. Linaweza kuchemka litakavyo, halina neno. Mchele ukishalainika na kuanza kusagika wenyewe kwa mwiko, shangazi anavuta makaa nje ya jiko, anabakisha machache, ndipo anamimina lile zito huku anakoroga polepole bila kuacha. Hapo hata ukimwita haitiki. Tui zito likichemshwa kwa moto mkali linakatika: mafuta yanapanda juu, chini kunabaki madonge meupe, na hakuna mwiko utakaoyarudisha pamoja. Vibanda vingi nimewahi kupewa bakuli lenye mafuta yanaelea, mwenyewe anakwambia “nazi imekolea hiyo”. Nazi iliyokolea haielei.

Kwenye viungo anakwenda kwa mpango. Gome la mdalasini linaingia mwanzo kabisa pamoja na maji, kwa kuwa linatoa ladha yake polepole. Iliki inaingia mwisho, imetwangwa asubuhi ileile kwenye kinu kidogo. Ikitwangwa na kukaa, au ikichemka muda mrefu, harufu inaondoka na mvuke na wewe unabaki na vumbi la ganda. Iliki si ya kuchezea kwa bei. Inalimwa kule Amani, Muheza, na milima ya Morogoro, mpaka ifike huku kusini imeshapita mikono mingi. Ndiyo maana wengi wanamaliza kazi kwa masala ya chai ya pakiti, na uji wao unaonja tangawizi iliyochakaa. Chumvi anatia kiasi cha kubana kwa vidole viwili. Chumvi tunayo sisi, pwani hii ina mashamba yake, na bila hiyo punje kidogo utamu wa nazi haujitokezi.

Ninapogombana naye ni pilipili manga. Anapenda kuiponda nusunusu. Unakunywa uji wako kwa raha zako, mara jino linakutana na punje nzima, macho yanatoka machozi mbele ya abiria. Nimemwambia, anacheka. “Si ndiyo inakuamsha?”

Sukari ina hadithi yake. Mwanzoni mwa 2024, sukari ilipoadimika nchini na kilo ikavuka shilingi 4,000 sehemu nyingi, wauza uji wengine walipandisha bei na wengine wakapunguza bakuli. Shangazi aliacha bei palepale, bakuli palepale, akapunguza sukari. Minung'uniko ilikuwa mingi, hasa kwa makonda, watu wanaopenda kitu kinachokwaruza koo. Sukari iliporudi madukani kwa bei ya kueleweka, yeye hakurudisha kipimo. Kwangu mimi huo ndio uamuzi bora aliowahi kufanya pale. Zamani uji wake ulikuwa mtamu, basi. Sasa unaonja nazi kwanza, iliki inafuata, mdalasini unabaki nyuma ya ulimi, na sukari inajua nafasi yake. Asiyeridhika ana kopo la sukari mezani, kijiko shilingi 100.

Korosho nazo zipo, vipande vilivyokaangwa, anakunyunyizia juu kwa nyongeza ya 300. Wageni wanaoshuka na mabasi ya Dar wanazikimbilia kwa kuwa wameshasikia Mtwara ni korosho. Ushauri wangu: uliza zimekaangwa lini. Za asubuhi ile zinavunjika vizuri na zinaendana na tui. Za jana zimeshavuta unyevunyevu wa bahari na zinatafunika kama kamba. Usione aibu kuuliza, hadanganyi. Kuanzia Oktoba, minada inapoanza na wakulima wakalipwa, hata wenyeji wanaagiza bakuli kubwa na korosho juu, na mabenchi hayatoshi.

Mabenchi yenyewe ni mawili, moja mguu wake mfupi. Ukikaa mwisho na mwenzako akainuka ghafla, uji unakuhusu.

Sasa malalamiko ya kweli. La kwanza ni bakuli zinavyooshwa. Ndoo ya sabuni ipo, ya kusuuzia ipo, lakini asubuhi yenye watu wengi maji ya kusuuzia yanakaa muda mrefu kuliko inavyofaa. Mimi nimenunua kikombe changu cha bati, kinakaa chini ya kiti cha bajaji, na madereva wengine wameiga. La pili ni zito zaidi kwa anayependa uji. Shangazi anafungua saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla mabasi ya Dar hayajaondoka. Mpaka saa moja hivi uji unakuwa ulivyotakiwa: mwepesi wa kunyweka, mzito wa kushiba. Baada ya hapo chenga zinaendelea kunywa maji ndani ya sufuria, uji unakaza, naye badala ya kuulainisha kwa tui anaumiminia maji ya moto. Ladha inakatwa katikati. Bei inabaki ileile. Anayefika saa mbili kasoro halafu akaondoka akisema hajaona cha ajabu, simlaumu. Nazi ni ghali, naelewa, lakini angeweka akiba ya tui jepesi kwenye chupa ya chai kwa ajili ya sufuria la pili, hata kwa kuongeza shilingi 50 kwenye bakuli. Tungelipa.

Mke wangu alitaka kujua kama unapikika nyumbani, nikamwombea vipimo. Kwa familia ndogo: kikombe kimoja cha chenga zilizolowekwa, nazi moja kubwa, vikombe sita au saba vya tui jepesi, kipande cha mdalasini urefu wa kidole, iliki nne au tano, sukari vijiko vitatu, chumvi punje. Tulichojifunza ni kwamba jiko la gesi linataka uangalizi, moto wake mdogo kabisa bado ni mkali kwa tui la kwanza. Mke wangu anaepua sufuria kabisa, anamimina tui, anakoroga, kisha anairudisha kwa muda mfupi tu. Unatoka mzuri. Siku za Jumapili tunaupika, siku za kazi nakwenda Mkanaledi, kwa sababu kukuna nazi saa kumi alfajiri si mapenzi tena.

Kwa Ramadhani ratiba inageuka. Asubuhi hafungui, anaanza kuuza kuanzia saa tisa alasiri, na uji wa futari anaupika mwepesi zaidi, pilipili manga imezidi kidogo. Unauzwa kwa lita, na ni lazima uagize jana yake. Nenda na chombo chako chenye kifuniko kinachobana, na andika jina juu. Binti yake anajaza vyombo vyote kwa mkupuo, na ndoo nyeupe za lita tatu zinafanana zote.