Final Fantasy VI na VII: Ipi Itangulie?

Mchezo wa video Final Fantasy VI ilitoka Japani mwaka 1994 kwa ajili ya Super Famicom, mashine ya michezo ya Nintendo, nayo ya VII ikafuata mwaka 1997 kwenye PlayStation, ikiwa imejaza diski 3. Muziki wa zote mbili ulitungwa na Nobuo Uematsu. Kwa mwonekano, ya VII inashinda bila ubishi, na mfumo wake wa materia, yaani vito vinavyopachikwa kwenye silaha na kinga ili kumpa mhusika uchawi, humwachia mchezaji uhuru mkubwa wa kupanga kikosi chake. Kifo cha Aerith, mmoja wa wahusika wakuu wa ya VII, mwishoni mwa diski ya kwanza kinaniuma hadi leo.

Hata hivyo, mimi naitanguliza ya VI. Ina wahusika 14 wa kuchezwa, na katikati ya hadithi Kefka, adui mkuu, anauangamiza ulimwengu kwelikweli, si kwa vitisho tu. Baadaye Celes, mmoja wa wahusika hao, anazinduka kisiwani, ambako mchezaji humvulia samaki mzee Cid aliye mgonjwa: wanaoogelea kwa kasi humpa nafuu, wanaojikokota humzidishia ugonjwa. Nilipokosea kuchagua, mzee akafa, na kimya cha chumba kile kilinilemea kuliko pambano lolote la ya VII.