Vitunguu vya maua vilivyofika vimekufa, na kijana wa simu aliyenicheka

Nimeshabonyeza nyota moja kabla ya kuandika neno lolote. Ingekuwapo sifuri ningeibonyeza hiyo. Nikifika mwisho sijui zitakuwa ngapi, maana hapa dirishani kuna kitu kinanivuruga hasira yangu kila nikiinua macho.

Kisa chenyewe ni hiki. Majani yalipoanza kubadilika rangi niliagiza mtandaoni sanduku la vitunguu vya maua, yale yanayochanua mwanzo kabisa baridi ikianza kulegea. Nikisema vitunguu sisemi vya jikoni (vya narsisi ni sumu, tafadhali mwenye watoto aviweke mbali). Nasema vile vinavyolala ardhini baridi yote na akiba yao ndani, halafu vinatoa ua wakati miti bado iko uchi. Sanduku lilikuwa na aina nne: krokasi, narsisi, Eranthis ya manjano, na Galanthus, kile kiua cheupe kinachoinamisha kichwa. Hicho cha mwisho ndicho nilichokitaka. Vingine vilikuja tu kwa kuwa viliuzwa pamoja.

Nilikitaka kwa ajili ya mama yangu. Alikuwa amekuja kukaa nami, na baridi hii ilikuwa ya kwanza maishani mwake. Alipoona bustani imekauka aliniuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, hapa ndiyo hakuoti kitu tena?" Nikamwambia, vumilia Mama, theluji haitakuwa imeisha yote na utaona maua meupe chini ya dirisha lako. Nilimwahidi hivyo, kwa maneno hayo.

Sanduku lilipofika, Mama ndiye aliyelifungua. Akatoa vitunguu kimoja kimoja, akavibonyeza kwa kidole gumba, akavipima kiganjani. Vya krokasi vilikuwa vigumu, vizito kuliko umbo lao, vimejifunika nyuzinyuzi kama kumbi dogo la nazi. Akavitenga kulia. Vya narsisi navyo kulia. Alipofika kwenye Galanthus akanyamaza. Akatikisa kimoja sikioni. Akaniambia, "Hivi ni maganda. Vimekufa."

Na mimi, jamani, nilimtetea muuzaji! Nilimwambia Mama vimelala tu, ndivyo vilivyo, hawa watu ni kazi yao. Hilo linaniuma kuliko hela. Mama yangu ambaye hajawahi kuona ua hilo alijua kwa kidole chake kile ambacho duka zima halikutaka kukijua.

Maana nimekuja kusoma baadaye, na si siri, kila anayelima maua haya anajua. Kitunguu cha tulipu au cha narsisi unaweza kukiweka rafuni kikavu miezi kadhaa na kisidhurike. Cha Galanthus ni kidogo na ngozi yake nyembamba, kinapoteza maji upesi sana. Kikikaa kikavu muda mrefu ndiyo basi. Ndiyo sababu wenye uzoefu hukihamisha kikiwa bado na majani mabichi, mara tu baada ya kuchanua, kinatoka udongo huu kinaingia ule. Eranthis nayo inakauka mpaka inakuwa kama kijiwe, na inasaidia ukiiloweka maji usiku mmoja kabla ya kuipanda. Kwenye sanduku hapakuwa na sentensi hata moja kuhusu hayo. Picha nzuri, zilikuwapo.

Nilipanda yote siku ileile, kina mara tatu ya urefu wa kila kitunguu, kitako chini, ncha juu. Galanthus 50 chini ya dirisha la Mama, krokasi kando ya njia, vingine nyuma.

Baridi ikaja ikakaa. Theluji juu ya theluji, ikayeyuka kidogo ikaganda tena, udongo ukawa kama saruji. Mama kila asubuhi alikuwa anafuta ukungu kwenye kioo kwa kiganja na kutazama palepale. Hakunilalamikia hata siku moja. Angelalamika ningeona afadhali.

Theluji ilipoanza kurudi nyuma, krokasi wakatoa ncha. Narsisi pia. Chini ya dirisha, kimya. Nikangoja wiki, nikangoja nyingine. Yakatoka majani matatu membamba bila ua. Matatu kati ya 50! Siku moja Mama amelala mchana nikachukua kijiko nikachimba. Nilipata magamba ya kahawia, ndani vumbi la kijivu, na vichache vina ukungu wa bluu kama mkate uliosahauliwa. Nilikaa pale nimechuchumaa, vidole vimekufa ganzi.

Ndipo nikapiga simu. Akapokea kijana. Sikupiga kugombana, ninaapa. Nilieleza taratibu, nikasema ninazo picha. Akacheka. Hakucheka kwa ubaya pengine, ile cheko ya pembeni ya mtu anayejua jibu, lakini alicheka, na simu ilikuwa kwenye spika na Mama alikuwa ameshaamka.

"Dada, labda uliyapanda kichwa chini."

Nikamwambia nilipanda ncha juu. Na hata ningevipanda kichwa chini, kitunguu cha maua kina akili kuliko hiyo: chipukizi linajipinda na kutafuta juu lenyewe. Linachelewa kidogo, lakini linatoka. Muuza vitunguu hajui hilo?

"Basi baridi ya mwaka huu ilikuwa kali, itakuwa imeyaua."

Hapo ndipo damu ilipochemka. Baridi iyaue maua ya baridi! Haya maua yanaidai baridi. Tulipu isipopata wiki 12 hivi au zaidi za ubaridi haichanui ipasavyo, ndiyo maana wanaoishi penye joto huviweka vitunguu kwenye friji kwanza. Na krokasi zao wenyewe, kutoka sanduku lilelile, zilikuwa zimesimama hatua nne kutoka pale. Baridi ilichagua?

Akasema mara ya tatu, sasa kwa haraka, kwamba maua ni viumbe hai, hayana dhamana, na kama sina uzoefu nianze na vitu rahisi. Mama, ambaye hakuwa amesema lolote, akaniambia pale pembeni, "Mwulize yeye amewahi kupanda nini." Nikamwuliza. Akakata simu.

Akakata! Nimemwandikia muuzaji mara mbili tangu siku hiyo, na picha nimeambatanisha. Jibu la kwanza lilikuwa la mashine. La pili silioni mpaka leo.

Kwa hiyo nyota moja. Lakini sasa nisiwe mwongo. Krokasi zao... Sijawahi kuona kitu kama kile. Karibu zote zimetoka, za zambarau na za njano, kitunguu kimoja kikitoa maua mawili matatu. Siku za mawingu zinajifunga kama zimenuna. Jua likipiga na hewa ikipata vuguvugu zinafunguka, na ukiwa na subira ya kukaa karibu unaona kabisa zinavyofunguka. Mama alichuma moja iliyokuwa imefumba, akaingia nayo ndani, akaiweka kwenye kikombe mezani. Kabla hatujamaliza mazungumzo ilikuwa imefunguka wazi kwa joto la chumba tu, petali sita, na katikati ule uzi wa rangi ya chungwa uliochanika ncha. Mama akainua kikombe mpaka puani, akaniangalia, akacheka. Kicheko hicho sikuwa nimekisikia tangu baridi ianze.

Siku ya kwanza joto lilipopanda kweli nyuki walikuja. Sijui walikuwa wamejificha wapi. Mmoja alizama ndani ya krokasi ya zambarau mpaka ukabaki mgongo tu, akatoka amejaa unga wa njano miguuni, akaingia ya pili. Nilisimama na koti langu wazi nikimtazama mpaka chai ikapoa. Hapo ningempa yule muuzaji nyota nne, nasema kweli. Aliyechagua vile vitunguu vya krokasi alivichagua kwa mkono wa mtu anayejali.

Lakini basi mtu huyo na yule wa simu wanafanyaje kazi chini ya paa moja?

Na Galanthus? Jirani aliona nilipochimba. Hakuuliza mengi. Jioni alikuja na fungu zima kwenye ndoo, limechimbwa na udongo wake, majani mabichi na maua yamo, akaniambia pandeni leo usiku usiingie. Tukaligawanya vishada vitano, tukavishindilia palepale chini ya dirisha, Mama akimwagilia. Bure. Udongo uleule, kina kilekile, mikono ileile isiyo na uzoefu. Yalisimama kana kwamba hayajahamishwa.

Usiku mmoja baada ya hapo baridi ilirudi kwa nguvu. Asubuhi Mama aliniita kwa sauti ya kilio. Maua yote yalikuwa yamelala chini, mabua yamelegea, vichwa kwenye theluji. Nami nilidhani yamekwisha. Nilikaa naye dirishani, hatuna la kusema. Jua lilipofika upande ule, saa nne hivi, bua moja likajiinua kidogo. Kisha jingine. Kufikia saa sita yalikuwa wima yote, yametingisha barafu, yanainamisha vichwa vyao kama kawaida. Mama alikuwa ameshika mkono wangu muda wote huo.

Baridi imeyaua, alisema yule kijana.

Nilikuwa nimefika nyota nne nilipoandika habari za nyuki. Nimezirudisha mpaka mbili. Moja ni ya krokasi, na nyingine ni ya aliyezifungasha, popote alipo humo ndani. Wakinijibu barua yangu nitakuja kubadilisha. Na anayetaka Galanthus asiiagize kavu, kwao wala kwa yeyote. Amtafute mwenye nayo bustanini, aende na ndoo wakati maua yanakaribia kuisha.

Mama ananiita. Anasema kuna nyuki kwenye nyeupe.