Hilux Vigo ya Dizeli Iliyotumika: Tathmini ya Mmiliki Anayevuta Trela

Toyota Hilux ya kizazi cha saba, ambayo wengi Nairobi huiita Vigo hata pale ambapo jina hilo halikuandikwa popote kwenye bodi, ni gari zuri sana la kuvuta mzigo na la wastani tu la kwendea kazini, ilhali bei yake katika yadi za Ngong Road na Kiambu Road hupangwa kana kwamba ni bora kwa yote mawili. Ninayo ya kebini mbili, injini ya dizeli ya lita 3.0 na gia za mkono. Siku za kazi hunitoa Kitengela hadi Enterprise Road, na mwisho wa wiki huvuta jenereta ninayoikodisha kwenye harusi na mikutano. Kizazi hiki kilitengenezwa kuanzia 2004 hadi 2015, kwa hiyo hata iliyo changa kabisa imekwisha kupita miaka minane ambayo Kenya huruhusu kwa gari lililotumika kuingizwa nchini. Kila utakayoikuta sokoni leo tayari imeonja barabara zetu, dizeli yetu na mikono ya mafundi wetu, na mambo hayo matatu ndiyo yanayopaswa kukaguliwa kabla ya rangi na viti.

Injini yenyewe ni 1KD-FTV, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,982, silinda nne na turbo, na hutoa takriban nguvu farasi 171 na msokoto (nguvu ya kuzungusha) wa Nm 343 ambao huanza kupatikana mapema, injini ikiwa bado haijapiga kelele. Kwa mtu anayevuta trela, kuanza huko mapema ndiko kunakohesabika kuliko nguvu farasi. Jenereta yangu pamoja na trela yake hukaribia tani mbili, na kiwango ambacho Toyota iliweka kwa gari hili katika masoko kadhaa ni kilo 2,500 kwa gia za mkono na kilo 2,250 kwa gia za otomatiki, trela ikiwa na breki zake. Isiyo na breki isizidi kilo 750. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya Nakuru hupanda zaidi ya mita 2,000 baada ya Limuru, mahali ambapo injini isiyo na turbo huanza kuhema. Hii hupanda kwa gia ya tatu au ya nne bila kuchemka, mradi radiata ni safi na feni inashika inavyopaswa.

Kushuka ndiko kunakohitaji akili zaidi. Barabara ya zamani ya Mai Mahiu, iliyojengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita Vikuu vya Pili, haikuchorwa kwa ajili ya pikapu yenye tani mbili nyuma yake, na breki za Hilux hii ni diski mbele na ngoma nyuma. Dereva anayeishusha kwa kukanyaga breki mfululizo atafika bondeni zikinuka, na huenda asifike. Gia ishuke kabla ya mteremko kuanza, injini ibebe kazi ya kuzuia mwendo, na trela iwe na breki zake zinazofanya kazi. Uzito nao upangwe vizuri: karibu asilimia kumi ya uzito wa trela uangukie kwenye ndoano, kwa sababu ukiwa mdogo mno trela huanza kuyumba mara tu lori linapokupita, na ukiwa mkubwa mno springi za nyuma hulala, usukani ukawa mwepesi na taa zikamulika matawi ya miti badala ya barabara. Wauzaji wengi huongeza jani moja la springi ili gari lionekane limesimama wima. Jani hilo linafaa siku ya mzigo; siku nyingine zote mgongo wa abiria wa nyuma ndio unaoligharamia.

Sasa nozeli, yaani vinyunyizi vya dizeli ndani ya silinda, ambazo kwa maoni yangu ndizo zinazoamua kama gari hili ni mali au ni deni. Mfumo wa mafuta wa 1KD hufanya kazi kwa shinikizo kubwa sana, na pampu pamoja na nozeli zake, zilizotengenezwa na Denso, hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Dizeli ikichanganywa na mafuta ya taa, ulainishaji hupungua na vyuma husagana. Uchanganyaji huo ulienea Kenya kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa tofauti ya bei iliyouchochea. Salfa katika dizeli ilikwisha kushushwa hadi kiwango cha sehemu 50 kwa milioni (50 ppm) mwaka 2015, na hilo lilisaidia, lakini Hilux iliyowahi kunyweshwa mafuta ya vibanda vya kando ya barabara hubeba madhara yake hadi kwa mnunuzi wa tatu. Mimi hununua dizeli katika vituo viwili tu vyenye mauzo mengi, hubadilisha filta kabla ya muda wake, na hufungua tundu la chini ya filta mara kwa mara ili maji yatoke bila kungoja taa ya dashibodi iwake.

Lipo tatizo la pili la nozeli ambalo muuzaji hatakueleza. Chini ya kila nozeli kuna ringi ndogo ya shaba inayoziba gesi ya moto isipande. Ikichakaa, gesi hiyo hupenya hadi kwenye oili, oili hugeuka kuwa lami, na lami huziba chujio lililo ndani ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Injini inayokosa oili kwa njia hiyo haitoi onyo refu, na inaposhikana, bei ya kuifufua hukaribia nusu ya bei ya gari. Kwa sababu hiyo, ukaguzi wangu huanzia asubuhi injini ikiwa baridi kabisa. Mlio wa kugonga unapowashwa, moshi mweupe unaochelewa kuisha, au kutikisika injini ikiwa imesimama tu, vyote huelekeza kwenye nozeli, ingawa kupanda na kushuka kwa mzunguko wa injini mara nyingine husababishwa na vali ndogo ya pampu ambayo hubadilishwa peke yake kwa gharama nafuu. Muuzaji aliyewasha gari kabla hujafika ameficha kitu. Baada ya hapo omba sampu ifunguliwe kwa gharama yako ili chujio lionekane kwa macho. Kwa nozeli nne mpya halisi, jiandae kulipa zaidi ya laki moja na nusu. Zile zilizokarabatiwa zinazouzwa Kirinyaga Road ni nafuu zaidi, na nyingine hudumu vizuri, lakini usikubali kufungiwa kabla hazijapimwa kwenye mashine mbele yako.

Mkanda wa taiming, unaofanya vali zifunguke kwa kufuatana na pistoni, ni jambo fupi. Dashibodi ina taa ya T-BELT inayowaka muda wa kuubadilisha unapofika, na fundi yeyote mwenye subira huizima kwa kubonyeza kitufe bila kugusa mkanda wenyewe. Ukikatika, vali hugonga pistoni. Asiye na risiti ya kubadilisha mkanda ahesabiwe kuwa hajaubadilisha. Zile zilizotoka Uingereza zikaguliwe chesisi kwa nyundo ndogo, maana chumvi inayomwagwa barabarani huko wakati wa baridi hula chuma kutoka ndani, na rangi nyeusi iliyopakwa juzi huficha mengi.

Kuhusu kwenda kazini sina sifa nyingi za kutoa. Katika foleni ya Mombasa Road klachi ni nzito, gari ni refu kwa maegesho ya mjini, na nyuma ikiwa tupu hurukaruka kwenye kila tuta. Kwa uzoefu wangu, lita moja hunipeleka kilomita 10 hivi kwenye barabara wazi, 8 kwenye foleni, na chini ya 7 nikiwa na trela. Mwendo wa foleni pia huijaza masizi njia ya hewa inayoingia injini, na safari ya mzigo hadi Naivasha huisaidia kupumua tena. Oili, takriban lita 7, huibadilisha kila kilomita 5,000, na kwa matumizi haya mchanganyiko sioni sababu ya kungoja zaidi. Kumbuka pia kwamba pikapu ni gari la biashara machoni pa NTSA (mamlaka ya usalama barabarani) na KRA (mamlaka ya mapato): kuna ukaguzi wa kila mwaka, kodi inayolipwa mapema, bima ya kundi lake, na trela nayo ina usajili wake na namba yake inayoanza na Z.

Spea zinapatikana kila mahali, kuanzia soko la spea la Grogan hadi duka la kijiji, na hilo ni nusu ya thamani ya jina Hilux. Isuzu D-Max, inayounganishwa hapa hapa Nairobi, huikaribia kwa upatikanaji wa spea, na zile zenye injini ya 4JJ1 hutumia cheni ya taiming badala ya mkanda. Ningekuwa nanunua leo ningezitazama zote mbili kwa jicho sawa. Kwa mzigo mwepesi, Vigo ya lita 2.5 inatosha. Asiye na trela kabisa ananunua ukubwa asioutumia, na Toyota Probox itamfikisha ofisini kwa mafuta machache zaidi. Mwenye trela na aichukue ya lita 3.0, lakini kabla ya kutaja bei yake ya kwanza atoe gharama ya nozeli nne, mkanda na klachi kwenye bei aliyotajiwa, kisha aanze kushauriana na muuzaji kutokea hapo.