Kuku na chipsi za mjini, au sato wa mama lishe wa Mwaloni?

Mfanyakazi wa hapa Mwanza mwenye nusu saa tu ya mapumziko huchagua kati ya mgahawa wa kuku na chipsi wa katikati ya mji na mama lishe wa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba. Katika mgahawa mmoja ambao sitautaja, nililipa kwanza, nikapewa risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kodi), kisha nikasimama dakika 40 huku mhudumu akichezea simu. Chipsi zilipofika zilikuwa zimepoa na kulegea, na nilipouliza kulikoni nikajibiwa, bila hata kutazamwa, kwamba foleni ni ndefu, ilhali nyuma yangu hapakuwa na mtu.

Kwa mama lishe, sato hukaangwa mbele yako nawe hulipa baada ya kula. Akichelewa husema, “Samahani baba, mafuta hayajapata moto,” huku akikusogezea maji ya kunawa. Ni kweli kwamba hana kiyoyozi, na nzi wa soko la samaki hawakwepeki.

Mgahawa una faida moja isiyo ndogo: risiti ile hukuwezesha kurudi na kudai haki yako, mradi umpate meneja. Mimi sikumpata, na tangu siku hiyo chakula cha mchana nakila Kirumba.