WireGuard juu ya hotspoti ya simu hapa Tabora: uzoefu wangu

Ukifanya kazi za ofisi ya Dar es Salaam ukiwa mkoani, na intaneti yako ni bando la simu, VPN, yaani njia ya siri inayounganisha kompyuta yako na mtandao wa ofisi, ndiyo inayoamua kama siku imekwenda au imekwama. Nimeitumia WireGuard, moja ya VPN hizo, msimu mzima wa manunuzi, na kati ya VPN nilizowahi kupewa kazini hakuna iliyonifaa kama hii. Ila ukiiacha na mipangilio yake ya mwanzo juu ya hotspoti, inaweza kukutesa kwa ugonjwa ambao hata fundi hauoni upesi.

Mimi ni mhasibu. Kampuni inanunua asali kwa wafugaji nyuki wa Sikonge na Kaliua, nami naingiza manunuzi na malipo kwenye programu ya uhasibu iliyoko kwenye seva Dar. Nafanyia kazi nyumbani, Isevya. Intaneti ya waya sina.

Kwanza tulikuwa na VPN nyingine iliyokuwa ikipita kwenye TCP, mojawapo ya taratibu za kusafirisha data kwenye mtandao. Mtandao ukiyumba kidogo tu, nayo inaganda. Sababu yake inaeleweka: TCP hutuma tena kila kilichopotea, na programu ya uhasibu iliyo ndani ya VPN nayo inatumia TCP, kwa hiyo pakiti moja, yaani kipande kimoja cha data, ikipotea tabaka zote mbili zinaanza kuhangaika kwa pamoja. WireGuard inatumia UDP peke yake, utaratibu ambao wenyewe hautumi tena kilichopotea. Kilichopotea njiani kinashughulikiwa na tabaka la ndani tu. Tofauti niliiona siku ileile niliyowekewa: simu ikihama kutoka 4G kwenda 3G na kurudi, hata anwani ya mtandao ikibadilika, VPN inaendelea bila kuniomba niingie upya.

Furaha hiyo ikaja na ule ugonjwa. Naingia kwenye programu vizuri, orodha ya wauzaji naiona, salio la muuzaji mmoja naliona. Nikifungua ripoti ya mwezi, kimya. Nikihifadhi ankara yenye mistari mingi, kimya. Nikampigia kijana wetu wa TEHAMA.

“Shikamoo dada. Mbona huku nakuona uko hewani?”

“Marahaba mdogo wangu. Hewani niko, ila vidogo vinapita, vikubwa havipiti.”

Sentensi hiyo ndiyo iliyomwelekeza. Ukipata dalili hiyo, yaani vidogo vinapita na vikubwa vinakwama palepale kila mara, usihangaike kubadilisha nenosiri wala kusakinisha programu upya. Angalia MTU, ukubwa wa juu wa pakiti moja.

Hesabu yake ni hii. Njia ya kawaida ya intaneti inabeba pakiti ya baiti 1500. VPN inachukua pakiti yako na kuitia ndani ya nyingine, kama barua inayotiwa kwenye bahasha, na bahasha ya WireGuard inakula baiti 60 kwenye IPv4 na 80 kwenye IPv6, yaani mfumo wa zamani na mpya wa anwani za intaneti. Ndiyo maana kwa kawaida WireGuard hujiwekea 1420: 1420 na 80 ni 1500 kamili. Lakini mitandao ya simu nayo ina bahasha yake kati ya mnara na mitambo mikuu, na mara nyingi inayobaki kwako haifiki 1500. Pakiti iliyojaa inafika mahali haipiti. Kifaa kilichoikataa kinatakiwa kurudisha taarifa ili mtumaji apunguze, lakini taarifa hizo huzuiwa na mitandao mingi kwa sababu za usalama. Hapo pakiti inapotea bila yeyote kuambiwa, na wewe unaona skrini imeganda huku VPN ikidai iko sawa.

Kupima ni rahisi, hata kwa sisi tusio mafundi. Kwenye Windows, zima VPN, fungua dirisha la amri, andika ping -f -l 1472 kisha anwani ya seva ya VPN. Ile -f inakataza pakiti kukatwakatwa njiani. Ikigoma, punguza namba taratibu mpaka ipite, halafu ongeza 28 za vichwa vya pakiti. Kwangu ilipita kwenye 1372, kwa hiyo njia yangu inabeba 1400. Toa 80 za WireGuard, inabaki 1320. Kijana akaamua tuweke 1280 ili pawe na nafasi hata nikibadilisha laini, na pia kwa sababu IPv6 haikubali chini ya hapo. Ni mstari mmoja tu kwenye faili la mipangilio: MTU = 1280. Ripoti ya mwezi ikafunguka pale pale, tukiwa bado tunaongea.

Akaongeza na mstari wa PersistentKeepalive = 25. Mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na ukikaa kimya muda mfupi inasahau njia ya kurudisha majibu kwako. Mstari huo unatuma ujumbe mdogo kila sekunde 25. Kabla yake, nikienda kupokea mzigo wa asali na kurudi mezani, nilikuta programu imenitupa nje.

Kuna jambo la simu yenyewe ambalo halihusiani na VPN ila linaiua. Simu nyingi zenye laini mbili husimamisha data ya laini moja wakati unaongea kwa nyingine. Na kama laini ya data yenyewe haina uwezo wa kupiga simu ndani ya 4G, ikiitwa tu inashuka 3G, au 2G ambako data inasimama kabisa. Wafugaji nyuki wanapiga simu kutwa, na sitaki kuacha kuwapokea. Kwa hiyo nina simu ndogo ya kuongelea, na nyingine ya hotspoti peke yake, imekaa dirishani mbali na bati. Naiunganisha kwa waya wa USB badala ya Wi-Fi: inachaji hapohapo, na kiungo hakikatiki. Kwenye Windows nimeweka alama kwamba intaneti hii ni ya kulipia kwa kipimo, maana masasisho yanaweza kumaliza bando kabla ya saa nne asubuhi.

VPN iwake kwenye kompyuta, si kwenye simu. Android kwa kawaida haiwapitishii VPN yake wanaotumia hotspoti yake.

Upungufu upo. Ikoni ya WireGuard inaonyesha iko hai hata kama hakuna kinachopita. Ninachotazama ni muda wa mwisho wa kusalimiana na seva. Ukiwa unafanya kazi na ukavuka dakika tatu hivi bila kubadilika, hakuna mawasiliano. Tena, kwa kuwa ni UDP tupu, Wi-Fi za baadhi ya hoteli huizuia kabisa, kwa hiyo ile VPN ya zamani sijaiondoa.

Wala VPN haiwezi kuokoa programu ya uhasibu inayofungua faili la data moja kwa moja kupitia folda ya mtandao. Programu za aina hiyo huulizana na seva mara nyingi mno kwa kila ukurasa, na mtandao ukikatika katikati ya kuandika, faili linaweza kuharibika. Sisi tulihamia kwenye dawati la mbali: programu inaendeshwa kulekule Dar, kwangu inakuja picha ya skrini tu. Bando likiisha ghafla, nikirudi naikuta ankara pale nilipoiachia.

Na usisahau usajili. Oktoba 2023 TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ilitoa tangazo la kuwataka watumiaji wa VPN kutoa taarifa zao, mwisho tarehe 30 mwezi huo. Kampuni yetu ilijisajili. Kabla hujaanza kugusa MTU, muulize mwajiri wako kama naye amefanya hivyo.